Kusokota Fito na Mkwe

Siku yangu ya kuzaliwa binti yangu alinipa bahasha. Nikadhani ni kadi yenye mstari wa Biblia, au labda, Mungu akipenda, tiketi ya ndege ya kwenda nyumbani. Ndani mlikuwa na karatasi nzito, nzuri, inayosema kwamba nimelipiwa mafunzo ya Jumamosi ya kusokota fito za birch, mti wa nchi za baridi, na kuzitumia kufungia vitu, ufundi wa jadi wa watu wa Norway. Niliisoma bila miwani, nikaisoma na miwani, na haikubadilika.

Nimemlea yule mtoto peke yangu kwa mshahara wa uuguzi, nikamsomesha uhasibu, na sasa ananizawadia vijiti. Babu yangu kule Magharibi mwa Kenya alifunga fito maisha yake yote. Alifunga boma la ng'ombe, ghala la mahindi na paa la jiko, na hakuna mtu hata mmoja aliyemwita msanii. Walimwita maskini. Mimi nikasoma, nikavuka bahari, nikapata nyumba ya matofali Granville, hapa Sydney, mgongo ukaharibika kwa kuinua wazee wa watu, ili nije nipande treni nikafundishwe na Mzungu kufunga vijiti. Maendeleo ni kitu kizuri sana.

"Na mwalimu ni nani?" nikauliza, ingawa moyo ulishaniambia.

"You know who, Mum."

Mwalimu alikuwa mume wake, Mnorway.

Hapa inabidi nieleze, maana msomaji atadhani nina roho mbaya. Kwetu, mama mkwe na mkwe wake hawachezi ovyo. Hawashikani mikono. Hawali meza moja. Hawaketi kiti kimoja, na mama mkwe hawezi kulala chini ya paa la mkwe wake hata mvua ya mawe inyeshe. Zamani mkikutana njiani, mmoja wenu aliingia kichakani mpaka mwenzake apite. Mchungaji wetu hapa Sydney amehubiri mara nyingi kwamba hayo ni mambo ya kale. Nimemsikia, nikaitikia amina, na nikienda kwa binti yangu bado nikisikia ufunguo wa mumewe mlangoni nanyanyuka nakwenda jikoni. Hiyo ndiyo heshima kubwa kuliko zote nilizo nazo, na kijana huyo nilimpa yote bila kumpunja. Kwa miaka yote ya ndoa yao, uso wake nilikuwa siujui vizuri. Viatu vyake ningevitambua popote.

Sikuwahi kumweleza binti yangu. Nilidhani anajua. Ukizaa mtoto unajidanganya kwamba amezaliwa na kila kitu ndani, kumbe huyu wangu alikuja huku akiwa na meno mawili, anasikia Kiswahili chote na kunijibu kwa Kiingereza, na desturi zetu anazijua kama ninavyojua kriketi.

Alikuwa mjamzito, mimba ya kwanza. Na mimi nilishaomba likizo kazini, nilishanunua unga wa wimbi, nilishapanga sanduku na kulificha chini ya kitanda. Hospitali za huku humruhusu mzazi aende nyumbani kabla hajajua mtoto wake kafanana na nani, na baada ya hapo ni wewe na Mungu wako. Nani angemkanda? Nani angemwogesha mtoto? Kulala kwao nisingeweza, kwa sababu nilizokwisha kuzieleza. Basi nikawa na mpango: nitafika asubuhi viatu vikishatoka, niondoke jioni kabla havijarudi. Kama mwizi mwenye ratiba. Nilipomweleza mpango huo, binti yangu aliweka kikombe chini taratibu, jambo ambalo kwake ni baya kuliko kukivunja.

"No, Mum. Ama uje kwa class yake, uongee na yeye kama mtu, ama usikuje kabisa mtoto akizaliwa. I'm not having you in my kitchen with your back to my husband. He thinks you hate him. Me too, I think you hate him."

Kwenye mambo mazito binti yangu hunikumbuka kwa Kiswahili nusu. Nikajua hatanii. Mjukuu wangu wa kwanza alikuwa amewekwa upande mmoja wa mizani, na upande wa pili vijiti.

Kazini nilimweleza mwenzangu, dada wa Kirundi aliyekulia kambini Tanzania, tukiwa tunatandika vitanda. Alicheka mpaka akakalia kitanda cha mgonjwa. "Sasa dada," akasema, "si mnajenga nyumba moja? Mbona kugombania fito?" Nikamwambia methali hiyo ilitungwa na mtu asiye na mkwe.

Basi Jumamosi ya kwanza nikaenda, ua wa nyuma wa ukumbi mmoja Lidcombe. Wanafunzi wenzangu walikuwa dereva wa lori la makontena kutoka Port Botany, mwenye ndevu hadi kifuani, na msichana aliyejichora mikono yote ambaye alituambia, kabla hajaulizwa, kwamba vijiti vimemponya. Vimemponya nini hakusema. Tulianza kwa mawaidha marefu ya usalama: tuvae miwani, tuvae glavu, tunywe maji, tumwambie mwalimu tukijisikia kizunguzungu. Nimeuguza watu wenye kipindupindu kwa kitambaa puani, lakini sawa, kijiti ni hatari.

Mkwe wangu alikuja kunisalimu akiwa amenyoosha mkono. Mikono yangu yote miwili ikaona ni wakati mwafaka wa kutafuta kitu ndani ya mkoba. Mkono wake ulikaa hewani, halafu ukarudi kwake. Nikajitafutia stuli nyuma ya tangi la maji, mahali ambapo ningesikia bila kuona, na binti yangu, aliyekuja kunisindikiza na tumbo lake, akafumba macho kama mtu anayeomba subira.

Lakini nisiseme uongo, kijana alijua kazi yake. Ni seremala. Ufundi huu alifundishwa na babu yake kwenye shamba huko kwao, ambako fito hizo, wanaziita vidje, zilifunga ua, malango, hata vigari vya kuburuta juu ya theluji. Msumari, alisema, kwenye baridi kali hukatika, lakini ufito uliosokotwa vizuri hukubali kuyumba kidogo kisha hurudi mahali pake. Ukikaukia pale ulipofungwa, unajibana wenyewe. Sauti yake ilikuwa ya taratibu. Nilishangaa kidogo, maana kwa viatu vile nilitegemea sauti kubwa.

Jumamosi iliyofuata tulitakiwa kwenda milimani, magharibi mwa jiji, ambako kuna baridi ya kutosha kwa miti hiyo. Dereva wa Port Botany alikuwa na shamba dogo huko, na birch zilizojiotea pembeni. Gari la mkwe wangu lilikuwa na nafasi. Nilipanda treni. Nikabadilisha Parramatta, nikasinzia, nikapita kituo, nikarudi, na nilipofika wenzangu walikuwa wamekwisha kuonyeshwa namna ya kufanya. Binti yangu siku hiyo alibaki nyumbani, miguu imevimba.

Niliwakuta wametawanyika vichakani, kila mmoja anahangaika na mti wake. Sikuuliza. Niulize nini? Nimezaliwa kwa watu wa fito. Kwetu unakata kwanza, unaloweka mtoni, halafu unaketi kivulini unasokota huku unasengenya. Nikachukua panga dogo lililokuwa kwenye sanduku la vifaa, nikachagua michipuko mirefu iliyonyooka, unene wa kidole gumba, na kwa muda mfupi nilikuwa na mzigo mzima begani. Msichana wa michoro alikuwa bado anakumbatiana na kijiti kimoja. Nilipita karibu naye mara mbili bila sababu, ili aone.

Nilipoutua mzigo wangu chini nikaanza kusokota, ndipo nikaelewa. Ufito wa birch si kama maganda tunayosokota kwetu. Ni mgumu. Unatakiwa uushike ncha ya juu na kuuzungusha, kuuzungusha, mpaka nyuzi zake za ndani ziachane na ulegee kama kamba, ukishuka nao kidogo kidogo hadi kwenye shina. Ukizungusha ncha moja, ncha ya pili nayo inazunguka, na unabaki unacheza ngoma na kijiti. Ndiyo sababu wenzangu hawakukata. Walisokota mti ukiwa bado umesimama, mizizi ardhini, na ardhi ikawashikia ncha ya pili bila malipo. Kukata ni mwisho. Samaki mkunje angali mbichi, tunasema, lakini hawa wanamkunja angali anaogelea.

Nilijaribu kuukanyaga. Nilijaribu kuubana kwenye uma wa mti. Nilijaribu kuukalia, kwa umri wangu huu. Wenzangu wakaitwa ndani kwa chai, nikasema mimi sina kiu. Nikiwa nimeinama pale, matusi ya kilugha yakinitoka polepole, nikaona viatu.

Havikusogea karibu. Vilisimama upande wa pili wa ufito, vikaachana kidogo kama vya mtu anayejiandaa kubeba kitu, na mikono miwili ikaushika ufito kwenye shina na kuukaza.

"Sokota, Mama," akasema. Maneno hayo alikuwa amefundishwa na mke wake, na aliyatamka vizuri.

Nikapiga hesabu ya haraka ya desturi. Mkono wake haukugusa mkono wangu. Kati yetu palikuwa na ufito mrefu kuliko mtu mzima. Macho yangu yalikuwa kwenye kazi. Sikuona kosa lolote. Nikasokota.

Ukiwa na mtu wa kukushikia, ufito unaongea. Unalia kwa ndani, vikohozi vidogo vidogo, halafu unalegea mkononi. Tulimaliza mmoja, tukaanza wa pili, na hapo ndipo aliposema, kwa Kiingereza chake cha taratibu:

"Najua hunipendi."

"Nani amekwambia?"

"Hujawahi kunishika mkono. Nikiingia, unatoka. Nikiketi kula, unasema umeshiba. Hujawahi hata kunitazama." Kiatu kimoja kikachimba udongo. "Na unaniletea matumbo."

"Matumbo gani?"

"Ya kuku. Kila ukipika kuku, wote wanapewa paja, wanapewa kidari. Mimi naletewa kile kitu kidogo kigumu, peke yake, kimefungwa kwenye foili. Nimejaribu kutoudhika. Lakini kila mara, Mama?"

Niliuachia ufito. Ulijisokotoa wote kwa hasira na kunichapa kidevuni, na sikuona haja ya kulalamika.

Firigisi! Jamani, firigisi! Kuku mzima ana firigisi moja tu, na kwetu watu wamenuniana hadi kaburini kwa sababu ilikwenda kwenye sahani isiyostahili. Haili mtoto, haili mwanamke, haili mgeni wa kupita. Kaka yangu mwenyewe alikuja kutoka Melbourne, akaitafuta kwenye mchuzi kwa kijiko, nikamwambia kuku huyu hakuwa nayo. Nilikuwa nimeificha kwenye foili kwa ajili ya huyu kijana.

Nilimweleza yote, nikiwa nimeinama nauokota ufito. Nilimweleza firigisi, nikamweleza mikono, nikamweleza jikoni na mgongo. Nilisema kwamba kama ningemchukia ningemkumbatia kila Jumapili kama ninavyowakumbatia nusu ya wanakwaya. Sikuwahi kusema maneno mengi hivyo kwa mwanamume yeyote tangu nilipofiwa na mume wangu. Alisikiliza bila kunikatiza, ameshika ncha yake.

"Firigisi ulizifanyia nini?" nikamuuliza mwishowe.

Akakaza ncha yake upya.

"Jirani ana mbwa," akasema.

Mbwa huyo namfahamu. Ni mnene sana, ana heshima zangu zote tumboni.

Tuliporudi kwenye kazi aliuliza, huku tukisokota, desturi hiyo huisha lini. Nikasema huisha tukifa, au mama mkwe akiamua mwenyewe kuiondoa, ila si jambo la kuamuliwa vichakani juu ya kijiti. Akauliza sasa kwetu binti akijifungua, mama yake anafanyaje. Nikasema analala nyumba nyingine ya bomani, na kukiwa hakuna nyumba nyingine basi atengwe kwa kiambaza, ukuta mwepesi unaohesabiwa kama nyumba ya pili. Nikasema na nyinyi mna fleti ya vyumba viwili, kimoja kimejaa vitu vya mtoto, kwa hiyo tusisumbuane. Akauliza kiambaza hicho huwa cha urefu gani. Nikadhani anauliza kama watu wa huku wanavyouliza mambo, kwa ajili ya kujua tu. Nikamwonyesha kwa kiganja, usawa wa kichwa cha mtu aliyeketi kitini.

Jumamosi zilizobaki tulifunga ua. Darasa zima lilifunga kipande kimoja cha ua wa kienyeji wa kwao: miti miwili miwili imesimama, vipande vya mbao vimelazwa mshazari katikati, na fito zikapashwa moto kidogo, zikazungushwa na kuchomekwa, bila fundo. Mafundo nilifunga mimi, kwa mazoea ya kufunga mbuzi, na dereva wa Port Botany akayafungua kwa adabu. Nilizizoea. Mwisho nilikuwa nafunga haraka kuliko msichana wa michoro, na nilipona kabisa ugonjwa wa kutokuwa na la kufanya Jumamosi. Mkwe wangu alinishikia ncha kila nilipohitaji, hata fito ambazo hazikuhitaji kushikwa. Binti yangu alituona. Akaanza kuniuliza kwenye simu kama wimbi lapikwa kwa maji au kwa maziwa.

Mtoto alizaliwa joto likiwa limeanza, msichana, sauti ya kuhubiria. Walipotoka hospitali binti yangu alinipigia simu akilia kwa uchovu. "Just come, Mum. Leta sanduku." Alijuaje kuhusu sanduku, sijui.

Nilipofungua mlango wa fleti yao nilisimama kizingitini. Sebule ilikuwa imekatwa katikati. Ule ua wetu, na mafundo mawili yangu ambayo hayakufunguliwa, ulisimama juu ya zulia kutoka ukutani hadi karibu na dirisha, umeachiwa nafasi ya mtu kupita. Upande wa huku kitanda kimoja kimetandikwa, taa, kiti, na jiko lote. Upande wa kule kochi, televisheni na yeye. Wakala wao wa nyumba angeona angezimia.

"He says you'll know what it's for," binti yangu akasema kutoka chumbani. "Nikamwambia ni wazimu."

"Ni wazimu," nikasema. Nikaingiza sanduku. Nikaketi kitandani, na kichwa changu hakikuonekana upande wa pili. Nililia kidogo, nikajiambia ni jasho.

Tukaishi hivyo. Mimi nakula huku, yeye anakula kule, tunaongea kupitia mbaoni mambo ya bei ya nepi na joto. Binti yangu alisema anaishi mpakani, akaomba aonyeshwe pasipoti. Lakini alilala, alikula, na rangi ilimrudi usoni.

Kisha asubuhi moja, binti yangu akiwa amepata usingizi wa kweli kwa mara ya kwanza, mtoto akaanza kulia mikononi mwa baba yake. Nilikuwa jikoni naandaa chai. Nilisikia akitembea naye, akimwimbia kwa lugha yao, akitembea tena. Mtoto hakutaka kusikia habari za Norway. Nikasubiri aniite. Hakuniita. Nilimwona akija mpaka kwenye ile nafasi ya kupita, na nikaona shida yake: anipe mtoto vipi bila mikono yetu kugusana?

Alikunja blanketi, akaliweka kwenye kiti changu. Akamlaza mtoto juu yake, akahakikisha hataanguka. Kisha akarudi nyuma hatua chache na kugeukia ukuta, mikono mgongoni, kichwa kimeinama. Hakuna aliyemfundisha hilo. Nimeona wakwe waliozaliwa ndani ya desturi wakilifanya kwa uvivu, jicho moja pembeni. Huyu alisimama pale na fulana yake yenye matapishi ya mtoto, amegeukia ukuta mtupu, na hakuchungulia.

Nilimchukua mjukuu wangu. Alinyamaza begani kwangu, na nilimpenda yule kijana wakati huo, nasema wazi, nilimpenda kama niliyemzaa. Nikamimina chai vikombe viwili. Nikavipeleka upande wa kule, nikaviweka juu ya meza moja, nikavuta viti viwili. Bado alikuwa ameutazama ukuta.

"Geuka, baba," nikamwambia. "Chai inapoa."